Kopo la Maharage Mbele ya Madhabahu

Harufu ndiyo inayompokea mgeni kwanza. Kanisa la kijiji cha Uingereza, ambalo kwa miezi mingi hunuka mawe yenye unyevu na vitabu vikuukuu, mwanzoni mwa Oktoba hujaa harufu ya matufaha, majani makavu na mkate uliotoka jikoni asubuhi hiyo. Madirishani kumepangwa maboga na mung'unye. Karibu na madhabahu umelazwa mkate mkubwa uliofinyangwa mfano wa mganda wa ngano, na mwokaji mwenye utani huwa ameweka na panya mdogo wa unga akiparamia mabua. Chini yake, ndani ya makreti ya plastiki, kuna vitu ambavyo wachora kadi za sikukuu huwa hawavichori: makopo ya maharage, pakiti za tambi, maziwa ya boksi, dawa ya meno, nepi za watoto.

Wapo waumini wasioyapenda makopo hayo. Wanasema yanaharibu sura ya sikukuu ya mavuno, kwamba mtu hawezi kumshukuru Mungu kwa kitu chenye bei ya supamaketi iliyobandikwa ubavuni. Hoja yao si ya kupuuzwa. Hata hivyo, anayetaka kujua usharika wa Kiingereza unaishije katika majira ya pukutizi, yaani kuanzia Septemba hadi Novemba majani yanapogeuka rangi na kudondoka, ayaangalie makreti kabla ya mkate. Mkate utabaki pale kupendeza macho. Makopo yataondoka Jumatatu asubuhi, na kule yanakokwenda ndiko kwenye habari.

Kwa anayeishi karibu na ikweta, ambako jua huzama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, si rahisi kuhisi jinsi msimu huu unavyowabana watu wa kaskazini. Mwanzoni mwa Septemba, jua la London huzama karibu saa moja na nusu usiku. Kufikia katikati ya Novemba linazama saa kumi na robo, watoto wakiwa ndio kwanza wanatoka shule. Jumapili ya mwisho ya Oktoba nchi nzima hurudisha saa nyuma kwa saa moja, na waliosahau hufika kanisani mapema kupita kiasi wakakuta mlango umefungwa. Giza hilo linapoingia, bili za gesi hupanda, wazee wanaoishi peke yao huacha kutoka, na anayelala barabarani huanza kuhesabu usiku mmoja mmoja. Kwa hiyo ratiba ya usharika hubadilika yenyewe, bila kikao cha wazee wa kanisa.

Sikukuu ya mavuno yenyewe ni changa kuliko inavyodhaniwa. Watu hufikiri imekuwapo tangu enzi za kale, kumbe kwa sura yake ya sasa ina miaka isiyofika 200, na mtu anayepewa sifa ya kuianzisha anajulikana kwa jina: Robert Stephen Hawker, kasisi wa Morwenstow, kijiji cha Cornwall kilicho juu ya majabali yanayotazama bahari ya Atlantiki. Alizaliwa mwaka 1803 na akaihudumia parokia hiyo kwa takriban miaka 40, hadi alipofariki mwaka 1875. Alikuwa na vituko visivyokwisha. Badala ya kanzu nyeusi ya makasisi wenzake alivaa koti la rangi ya damu ya mzee, fulana ya sufu ya wavuvi na mabuti marefu ya baharini. Alizunguka kuwatembelea waumini akifuatana na nguruwe wake. Inasimuliwa pia kwamba alimtenga paka wake na kanisa kwa kosa la kukamata panya siku ya Jumapili, ingawa hadithi za namna hiyo huongezewa chumvi kila zinaposimuliwa upya.

Vituko visimfunike mtu. Pwani ya Morwenstow ilikuwa makaburi ya meli, na kabla ya kasisi huyo maiti za mabaharia zilizotupwa ufukweni mara nyingi hazikupata heshima yoyote. Hawker alishuka majabali yale mwenyewe, akiwa na watu wake, kuokota miili na vipande vya miili, akaipandisha na kuizika kwenye uwanja wa kanisa. Zaidi ya mabaharia 40 wamelala pale. Mnamo Septemba 1842 meli ya Caledonia, kutoka Arbroath huko Scotland, ilivunjikia chini ya parokia yake, na sanamu ya mwanamke iliyokuwa kwenye omo ya meli hiyo ikasimikwa juu ya kaburi la mabaharia wake.

Mwaka mmoja baadaye, kasisi huyohuyo aliwaalika waumini wake waje kanisani Jumapili ya kwanza ya Oktoba 1843 kupokea Ushirika Mtakatifu kwa mkate uliotengenezwa kwa ngano mpya ya mwaka ule. Alikuwa akifufua desturi ya zamani ya tarehe 1 Agosti, ambapo mkate wa kwanza wa mavuno uliletwa kanisani ubarikiwe, desturi iliyokuwa imefifia kwa karne kadhaa. Wakulima na wavuvi wa Morwenstow walikuja. Jambo hilo likapendwa, likasambaa parokia kwa parokia, nyimbo mpya zikatungwa na nyingine zikatafsiriwa kutoka Kijerumani, na mwaka 1862 Kanisa la Uingereza likatoa utaratibu rasmi wa ibada ya shukrani ya mavuno.

Kusambaa kwake kwa haraka namna ile kulikuwa na sababu nyingine, na haikuwa ya kiroho sana. Hapo awali mavuno ya Uingereza yalimalizika shambani. Mwenye shamba aliwaandalia wavunaji karamu, gari la mwisho la ngano likaingizwa uani kwa nyimbo, bia ikamiminwa, watu wakacheza hadi alfajiri na baadhi wakalala mtaroni. Makasisi wengi wa karne ya 19 waliona aibu. Ibada, maua na chai ya alasiri zilikuwa njia ya kuihamisha furaha ile kutoka ghalani hadi kanisani, ikiwa imenawa uso na kuchana nywele.

Kitu fulani kilipotea katika kuhama huko. Karamu ya shambani, pamoja na ulevi wake, ilimlazimu tajiri kukaa meza moja na kibarua angalau usiku mmoja kwa mwaka. Kibarua alikuwa na haki ya kuidai. Kanisani, mwenye shamba aliketi benchi la mbele na kibarua nyuma, wote wakaimba wimbo mmoja wa kushukuru kwa wingi wa chakula, huku mmoja wao akirudi nyumbani kwenye mkate na viazi. Haishangazi kwamba mtu aliyewaunganisha vibarua wa mashamba katika chama chao mwaka 1872, Joseph Arch wa Warwickshire, alikuwa mhubiri asiye na daraja katika kanisa dogo la Kimethodisti. Alijifunza kusema mbele ya watu katika mimbari za vijijini, kisha akapanda juu ya kigoda chini ya mti huko Wellesbourne na kuzungumzia mshahara.

Zaidi ya hapo, kulikuwa na kengele. Katika parokia nyingi za mashariki na kusini mwa Uingereza, baada ya miganda kuondolewa shambani, kengele ya kanisa iligongwa asubuhi kuwaruhusu wajane, watoto na maskini kuingia kuokota masuke yaliyobaki. Jioni iligongwa tena, wakatoka. Kengele ilihakikisha kwamba mwenye nguvu haamki usiku kuwatangulia wadhaifu. Desturi hiyo ilitoka moja kwa moja katika Mambo ya Walawi, kitabu kinachomkataza mvunaji kumaliza pembe za shamba lake ili maskini na mgeni wapate chao, na katika kisa cha Ruthu kwenye shamba la Boazi. Familia za vibarua zilipata humo unga wa majira mengi ya baridi. Mwaka 1788, katika kesi iliyotajwa sana na wanasheria, mahakama ya Kiingereza iliamua kwamba kuokota masazo si haki ya mtu yeyote chini ya sheria ya nchi. Ni hisani ya mwenye shamba, akipenda. Kengele ziliendelea kulia kwa muda mrefu baada ya hukumu hiyo, hadi mashine za kuvuna zilipoacha mashamba bila masuke ya kuokota.

Kanisa, basi, liliwahi kuwa mtunza saa wa fungu la maskini. Hilo linafaa kukumbukwa mtu anapoyatazama yale makreti ya plastiki.

Mjini sikukuu ilibidi itafute mavuno ya aina yake. Karibu na lilipokuwa soko la samaki la Billingsgate, London, kanisa la St Mary-at-Hill limekuwa na ibada ya mavuno ya bahari mwezi Oktoba, ambapo wachuuzi wa samaki hupanga mlangoni kila kitu kinachouzwa sokoni kwao, kuanzia kamba na kaa hadi samaki wakubwa waliotandazwa juu ya barafu. Mtu wa soko la samaki la Feri au la Malindi angejisikia nyumbani, ila kwa baridi. Na hangekuwa na haja ya kushangaa akisikia lugha yake humo: usharika wa Kilutheri wa St Anne's, ambao umekuwa ukiabudu katika jengo hilohilo, umekuwa na ibada za Kiswahili pia.

Mwendo mfupi kwa basi kutoka hapo, kwenye kanisa la St Martin-in-the-Fields, huja kundi jingine la kustaajabisha: wafalme na malkia wa vifungo, watu wa tabaka la kazi wa London waliovaa suti nyeusi zilizoshonewa maelfu ya vifungo vya lulumizi. Mila yao hufuatiliwa hadi kwa Henry Croft, yatima na mfagia barabara aliyezaliwa mwaka 1861, ambaye alivaa hivyo ili watu wamwangalie na kumtumbukizia senti za hospitali na vituo vya yatima. Sanamu yake iko chini ya kanisa hilo. Ibada yao ya mavuno ina makelele na vicheko ambavyo makasisi wa karne ya 19 wangevikunjia uso, na huenda hiyo ndiyo sababu ina uhai.

Vijijini nako waumini wamepungua. Kasisi mmoja huweza kuwa na parokia tano au sita mikononi, akikimbia na gari dogo kutoka kanisa hadi kanisa Jumapili asubuhi. Lakini ibada ya mavuno ni miongoni mwa zile chache zinazowaleta hata wasiokuja: mwenye baa, mwalimu mkuu na watoto wake, mkulima ambaye hajaingia tangu mazishi ya babaye. Wanajua nyimbo. Wanakaa kwa chakula cha mchana. Wengi wao hawajawahi kushika mundu, na ngano ya eneo lao lote huvunwa siku chache na mashine moja yenye kiyoyozi. Wanachokileta, basi, ni kile wanachokila. Wanakila kikiwa kwenye kopo.

Na makopo yana safari yake. Mwaka 1997 mtu na mkewe, Paddy na Carol Henderson, Wakristo wa mji wa Salisbury, walianzisha shirika la Trussell Trust kuwasaidia watoto waliolala kwenye stesheni ya reli huko Bulgaria. Siku moja walipigiwa simu na mama wa hapohapo Salisbury aliyewaambia kwa uchungu kwamba watoto wake wanakwenda kulala na njaa, na kuwauliza watafanya nini. Walichunguza, wakakuta hayuko peke yake. Mwaka 2000 Paddy Henderson alifungua ghala la kwanza la chakula cha msaada katika banda na gereji ya nyumba yao.

Utaratibu wake uliigwa nchi nzima. Daktari, mwalimu au mhudumu wa ustawi wa jamii humpa mwenye shida hati. Naye huenda kwenye ukumbi wa kanisa siku iliyopangwa, akapewa chai kwanza, kisha vyakula vya kumtosha siku tatu. Ndiyo maana wenye maghala hutangaza mapema Septemba orodha ya wanavyovihitaji, na ndiyo maana orodha hiyo haina mung'unye. Tunda linaoza. Familia yenye jiko lililokatiwa gesi haiwezi kupika boga. Kopo linafunguka kwa kidole. Katika maghala mengi Oktoba ni mwezi wa rafu kujaa, na kazi ya kupima uzito, kuangalia tarehe za mwisho wa matumizi na kupanga kwa mafungu huchukua siku kadhaa za wastaafu na vijana waliojitolea. Mtu akitaka kuona usharika ukisali kwa mikono, aende huko Jumanne, si kanisani Jumapili.

Takwimu za shirika hilo hazifurahishi. Katika mwaka ulioishia Machi 2011 liligawa mafungu ya dharura kama 61,000. Katika mwaka ulioishia Machi 2024 yalikuwa milioni 3.1, na zaidi ya milioni 1.1 kati ya hayo yalikwenda kwa watoto. Mwaka uliofuata yalishuka kidogo, yakabaki karibu milioni 2.9. Nazo ni hesabu za shirika moja tu. Yapo maghala mengine mengi ya kujitegemea, na misikiti na gurdwara za Masingasinga hulisha watu pia. Sababu zinajulikana: mishahara isiyokimbizana na kodi za nyumba, ugonjwa, na utaratibu wa ruzuku za serikali unaomfanya mwombaji angoje wiki tano kabla ya kupata malipo ya kwanza. Uingereza si nchi iliyokosa chakula. Mashamba yake yana ngano, na supamaketi zake hutupa mikate kila jioni.

Hapo ndipo shukrani inapokuwa ngumu. Ni rahisi usharika kuridhika: makreti yamejaa, kwaya imeimba, gari limekuja kuchukua. Mwakani tena. Kanisa linaweza kuzoea njaa ya jirani kama mtu anavyozoea kelele za kinu, likaipangia tarehe katika kalenda na kamati ya maua. Lakini si wote waliozoea. Februari 2014 maaskofu 27 wa Kianglikana, pamoja na viongozi wa makanisa mengine, walitia saini barua ya wazi gazetini wakiilaumu serikali kwa kupunguza ruzuku za maskini na kuwaacha watu wapate msaada wa chakula makanisani. Kuna wanasiasa waliochukia, wakasema kanisa lirudi kwenye sala zake. Trussell wenyewe wanasema hadharani kwamba lengo lao ni kuona hakuna anayehitaji maghala yao tena. Ni nadra shirika kuombea kufungwa kwake, na kwa hilo wanastahili kuaminiwa.

Baada ya chakula, kitanda. Kwa miaka mingi kabla ya UVIKO-19, mtindo uliozoeleka London na miji mingine ulikuwa wa makanisa saba kushirikiana, kila moja likiwa na usiku wake. Jumatatu Wabaptisti, Jumanne Wakatoliki, Jumatano Waanglikana, na kadhalika hadi wiki iishe, kuanzia Novemba mpaka Machi. Magodoro yalitandikwa ukumbini, washarika wakapika, wakala meza moja na wageni wao, na wawili watatu wakakesha. Kulipopambazuka wageni walitoka na mabegi yao kuelekea kanisa la zamu inayofuata. Utaratibu huo una uchovu wake kwa anayelala, kwani kila siku anahama; lakini mwanamke aliyekuwa akimwogopa mtu wa barabarani alijikuta akimpakulia wali na kumuuliza kama anataka pilipili. Janga lilipokuja, kulala ukumbi mmoja kukawa hatari, na makanisa mengi yamehamia kwenye vyumba vya mtu mmoja mmoja au jengo moja la kudumu. Majira ya pukutizi ya 2022, gesi na umeme vilipopanda baada ya Urusi kuivamia Ukraine, yalizaa jambo jingine: makanisa, maktaba na kumbi za mitaa zilifungua milango mchana ili watu wasiomudu kuwasha moto majumbani waje tu wakae. Wanywe chai, wafanye fumbo la maneno gazetini, wazungumze.

Novemba hubadilisha sauti. Tarehe 1 ni Sikukuu ya Watakatifu Wote, na tarehe 2 ni kumbukumbu ya marehemu wote, ambapo katika makanisa mengi kasisi husoma moja baada ya jingine majina ya waliofariki, hasa wa mwaka ule. Familia huwasha mishumaa. Ibada hiyo haina hotuba ndefu, nayo haiihitaji. Jumapili ya pili ya mwezi ni ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Watu huvaa ua jekundu la karatasi kifuani, hukusanyika kwenye mnara wa kijiji, na saa tano kamili asubuhi hunyamaza dakika mbili. Kunyamaza huko kulianza kitaifa mwaka 1919, kwa kuiga desturi iliyokuwa imefanyika Cape Town wakati wa vita. Karibu kila kijiji kina mnara wake, na hata penye nyumba 30 utakuta majina sita au kumi, ndugu wawili wa ukoo mmoja wakifuatana.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayesimama katika kimya hicho ana sababu ya kunyamaza kwa namna nyingine. Vita hivyohivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, vilipiganwa Tanganyika, Kenya na Msumbiji, na huku havikwisha tarehe 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alisalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25. Waliobeba vita hivyo mabegani walikuwa wapagazi, na walikufa zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba wafu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda baadhi hawakukumbukwa kabisa. Dar es Salaam ina Sanamu ya Askari, iliyosimikwa mwaka 1927. Haina jina la mtu. Kijiji cha Kiingereza chenye nyumba 30 kimetendewa haki iliyonyimwa wilaya nzima za Tanganyika, na usharika unaosoma majina kila Novemba ungefanya vema kuacha nafasi, hata ya pumzi moja, kwa wasio na orodha. Zipo parokia ambazo zimeanza kuwataja wapagazi katika sala zao. Ziwe nyingi zaidi.

Sikukuu ya mavuno iliwafikia Waafrika Mashariki kwa mikono ya wamisionari. Wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 wakiwa na sikukuu ya Kijerumani ya Oktoba mizigoni; Waanglikana wa misheni ya vyuo vikuu, walioweka makao Unguja tangu 1864 na Masasi tangu 1876, walitoka katika kanisa lililokwisha kuipokea ibada ya Hawker. Lakini kilichoota hapa ni mmea mwingine. Mavuno ya huku hayangoji Oktoba. Kila dayosisi hupanga Jumapili yake kwa kufuata mvua zake. Na ibada ikiisha, hakuna anayekwenda nyumbani, maana mnada ndio unaanza.

Aliyekulia katika usharika wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hahitaji kuelezwa. Mikungu ya ndizi imepangwa nje, magunia ya mahindi, madebe ya maharage, mayai kwenye kapu, mbuzi amefungwa kwenye mchongoma na jogoo aliyefungwa miguu anatazama umati kwa dharau. Dalali ni mwinjilisti mwenye sauti au mzee mmoja mcheshi. Jogoo wa shilingi elfu ishirini anafika elfu themanini. Aliyemnunua anamrudisha, auzwe tena. Kwaya ya vijana inachangishana kumshinda diwani, kina mama wanashinda kwaya ya vijana, mchungaji anapewa yai moja alilonunuliwa kwa bei ya trei nzima. Watu wa Dar es Salaam wasio na shamba huleta sukari, mchele na mafuta waliyonunua Kariakoo asubuhi, katika eneo lilelile lililokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza. Hakuna anayechukizwa na bei iliyobandikwa.

Mnada huu una kitu ambacho sikukuu ya Kiingereza imekikosa tangu karamu ihame shambani. Mtoaji anaonekana. Bibi aliyeleta jogoo alimlea tangu kifaranga, na kila mtu pale anamjua yeye na jogoo wake. Tajiri na maskini wanataniana kwa sauti, na maskini akimshinda tajiri kwa shilingi mia tano uwanja mzima unashangilia. Mwingereza anayetoa kopo lake la maharage hatalikosa nyumbani, wala hatamwona atakayelifungua.

Lakini fedha za mnada huenda wapi? Mara nyingi huenda kwenye jengo, kwenye bajeti ya usharika, kwenye mgao wa dayosisi, kwenye gari au nyumba ya mchungaji. Yote hayo ni mahitaji halali, na kanisa lisilo na ruzuku halina pengine pa kuyatoa. Hata hivyo ni vigumu kuona katika hesabu hizo pembe ya shamba iliyoachwa kwa mjane na mgeni. Jogoo ameuzwa mara tatu, na mama wa nyumba ya nyuma ya kanisa, ambaye hakuja kwa sababu hakuwa na cha kuleta, amesikia tu vigelegele. Idara za diakonia zipo, na zipo sharika zinazogawa chakula kwa wazee na wagonjwa kwa ukarimu usiotangazwa. Fungu lao, hata hivyo, hutegemea kilichobaki baada ya saruji. Katika hili makreti ya plastiki ya Waingereza, pamoja na ubaya wake wa sura, yametushinda.

Basi wazee wa kanisa watakaokaa mwaka huu kupanga Jumapili ya mavuno waongeze kipengele kimoja kwenye ajenda. Waamue kabla, si baada, sehemu gani ya mnada itakwenda kwa wasio na mavuno: gunia moja katika kumi, au mikungu yote ya upande wa kushoto, au jogoo wa kwanza na wa mwisho. Dalali aitangaze mbele ya umati kabla hajataja bei ya kwanza, na katibu asome Jumapili inayofuata ilifika kwa kaya ngapi. Saruji itangoja wiki moja.